Faili ya WATEJA imenifuata hadi dukani

Leo nimeaibika hadi nikatamani stima ipotee, skrini izimike.

Mnajua nina saiba Kariobangi, kaduka ka kompyuta na kuprinti. Jana niliunganisha kompyuta ya dukani na laptop yangu ya nyumbani Kayole, ili nikiandika kitu huku kionekane kule. Nikajiona fundi kweli.

Nikasahau kwamba nyumbani kuna faili ya siri inaitwa WATEJA. Ndimo mimi humalizia hasira zangu za wateja kila jioni.

Sasa leo asubuhi Mama Kevo, mteja wangu wa siku nyingi, akaja nimwandikie barua. Nikaandika vizuri, kufika kuprinti, karatasi zimeisha. Nikatoka mbio kununua.

Kurudi, nampata amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, amefungua WATEJA, anasoma skrini:

"Mama Kevo: usimpe kiti. Akikaa haondoki."

Mimi nimesimama mlangoni, nimekumbatia karatasi kama mtoto mchanga.

"Kumbe unajua kuandika hivi," akasema, polepole tu. Akangoja barua yake, akaniaga vizuri, akaenda. Heri angenitukana.

Jioni nikafungua laptop hapa nyumbani nifute hiyo faili kabla iniue.

Kumbe aliniachia jibu. Liko chini ya jina lake, limenifuata kutoka dukani hadi Kayole:

"kevo alihama. nyumba imenyamaza sana. hapo kwako kuna watu"

Sijafuta kitu.

Nishaurini, watu wangu: kesho nianze na samahani, ama nianze na kiti?