Viganja Vinavyotoka Jasho Uwanja wa Ndege Mbeya

Ukungu bado umelala juu ya uwanja wa ndege wa Mbeya, na Fundi Othmani ameshaanza kupapasa ukuta. Anapitisha kidole kwenye alama ya kiganja kimoja baada ya nyingine, kisha anakigusisha kidole ulimini.

Huu ni ukuta wa chumba cha abiria. Jengo lilipokuwa likijengwa, mwaka 1953, wakubwa walitaka urembo: sanamu za vijana wanaopanda ndege kwenda migodi ya Afrika Kusini. Othmani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Bagamoyo, akakataa.

"Sisi hatufinyangi sura za watu," anasema. "Nikawaambia, kila anayeondoka aache kiganja chake kwenye lipu mbichi. Wakapenda."

Kisha mvua zikakata njia ya mtoni, alikochota mchanga. Upande wa kulia akaumalizia kwa mchanga uliotoka Rujewa na lori la mpunga, uliochotwa pale ng'ombe wanapolamba magadi. Mchanga wa chumvi huvuta maji.

"Marehemu baba angenichapa," anakiri.

Tangu hapo viganja vya upande huo hutoka jasho. Wake za wasafiri hawaoni cha kuchekesha.

"Cha mume wangu kililowa, wiki ile ile akashuka kwenye ndege," anasema Damari, mke wa Andendekisye. Anashusha sauti. "Cha jirani yetu Liberatus nacho kililowa, bwana. Zilishuka nguo zake tu."

Ndiyo imani yao: anayelowa yu njiani, mzima au maiti. Kila siku ya ndege wanafurika kupapasa, hadi wasimamizi wa uwanja wamechoka. Wameamuru lipu yote ibanduliwe, na Othmani mwenyewe ashike patasi.

"Ni chumvi, hakuna kingine," alimwambia mwandishi wa habari hizi jana, akicheka. Leo hacheki.

Kiganja cha Jaha, mwanawe wa pekee, kiko upande wa kushoto, kwenye mchanga safi wa mto. Jaha aliondoka kwa mkataba wa miezi kumi na minane. Huu ni mwaka wa tatu, na hajaleta hata salamu. Siku zote kiganja chake kilikuwa kikavu. Asubuhi hii kinatiririka.

Mwandishi alitia kidole. Palikuwa na uvuguvugu, na kusema kweli aliogopa.

"Kina chumvi," anasema fundi. "Na huku sikutia. Wallahi sikutia."

Nyumbani mkewe, Mwanakhamisi, amefua shuka la kitanda cha kijana. Amenunua pia bafta, kitambaa cheupe kinachofaa sanda, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni ya nini.

Othmani ameomba ukuta usiguswe hadi ndege ya kesho itue. Wamemkubalia.

"Akishuka, kabla sijamkumbatia nitamleta hapa aweke mkono wake, nijue ni yeye," anasema. "Ukienea humo sawasawa, nitabandua ukuta wote kwa furaha."

Na usipoenea?

Fundi anafuta kiganja kwa pindo la shati, kinalowa tena. Safari hii hakifuti. Anauweka mkono wake humo, juu ya ule wa mwanawe, na kuuacha.