Siku Kimashine cha Furaha Kilipolia Kwangu

Waliokuwepo niwataje kwanza, maana aibu yangu waliiona kwa macho yao: Butoto, mtoto wangu wa kwanza, ambaye nakaa kwake hapa Buffalo, Furaha, binti yake anayesoma sekondari, Mutambo, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyekuja na gari kutoka Columbus, Mama Esteri wa Cheektowaga, rafiki yangu wa kanisani, na wanakwaya kama ishirini, ambao majina yao yote ninayo lakini nawaonea huruma.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka 2015, katika chumba cha chini cha kanisa. Kesho yake Mutambo, aliyepewa ruhusa ya siku tatu tu kule ghalani anakofanya kazi, angenipeleka Louisville kwa Nabisage, mdogo wangu, ambaye tuliachana kambi ya wakimbizi miaka kumi na saba kabla ya hapo (mimi nililia, yeye akajifanya anafunga mzigo). Bon, juma lile moyo ulikuwa unanidunda vibaya, na Butoto alishasema mgonjwa hasafiri, kwa hiyo nikafanya siri. Asubuhi Mama Esteri akanipeleka hospitali, wakanidunga dawa ya kupiga picha ya moyo, mkalimani akaniambia kwa simu kwamba dawa ina miale kidogo, itanitoka yenyewe, nisiogope. Sikuogopa. Nikavaa kitenge, nikaja kuombewa safari.

Sasa Furaha alikuwa na kazi ya shule, mambo ya mabomu yaliyojaribiwa zamani chini ya bahari, akataka kuisoma mbele yetu ajizoeze. Alisema maji yalipanda kama mlima, yakaangukia meli yakiwa na sumu isiyoonekana, hata samaki wakawa nayo, na watu wakahitaji maneno ya kuipima: rontgeni kwa miale inayopita hewani, radi (si ile ya mvua) kwa inayobaki mwilini, na remu kwa madhara yake kwa mtu. Mimi niliyeishia darasa la pili nilielewa kabisa, maana ni kama mvua ya kwetu milimani: imenyesha kiasi gani, imelowesha nguo yako kiasi gani, na wewe umeugua kiasi gani.

Kisha akawasha kimashine cha kupima miale alichoazimwa na mwalimu wake, akapita kati ya viti. Kwa Mutambo, tik. Kwa Mama Esteri, tik, tik. Kufika kwangu, kikalia kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji.

"Koko," Furaha akaniuliza mimi bibi yake, "una nini kwenye mfuko?"

Nilikuwa na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa la Tanganyika, ambao Nabisage alimpa Mutambo aniletee.

"Samaki!" akapiga kelele mwanakwaya mmoja. "Si amesema sumu iliingia kwa samaki?"

Hapo ndipo ningesema. Nikautoa mfuko. Donc Butoto akashika mfuko wa mdogo wangu kwa vidole viwili, akaenda kuutupa kwenye pipa la nje, watu wakirudi nyuma na viti vyao, Mutambo akiapa kwamba yeye amekula haohao juzi na bado anapumua. Furaha akarudisha kimashine kwangu. Kikalia vilevile.

"Mama Butoto, sema," Mama Esteri akaninong'oneza (na kunong'ona kwake kunasikika mpaka Lackawanna). "Sema, hawa wataanza kukutoa pepo sasa hivi!"

Nikasema yote, nimesimama, jasho linanitiririka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini sakafuni. Butoto hakucheka.

"Mama, umenificha moyo wako?"

"Nilitaka kumwona Nabisage."

"Huendi popote mpaka daktari atoe majibu."

Kesho yake Mutambo akaondoka peke yake. Majibu yalikuja juma lililofuata: moyo mzima, vidonge tu. Lakini ruhusa ya Mutambo ilikuwa imekwisha, kisha theluji ikaingia, na mpaka leo sijafika Louisville. Ningesema mapema, huenda tungepanga siku nyingine sote pamoja, badala ya kumfanya mwanangu aniangalie kama mtoto mwongo. Nimeapa, sasa hata kikohozi natangaza.

Nabisage kwenye simu ananiambia amenenepa, kichwa kimejaa mvi. Mimi simwoni hivyo. Namwona mwembamba, ameinama, anafunga kamba ambayo ilikwisha kufungwa.

Ninyi mliokuwepo, kama nimekosea jina au nani alisema nini, nisahihisheni. Ila ile miaka kumi na saba msiiguse, hiyo naihesabu mwenyewe.