Nilifunga shock za mashindano, nikambeba shangazi hadi Migori kuposa

Wakuu, nawasalimu kutoka Homa Bay. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na asiyeamini aje aniite mwongo hapa nyumbani, chai ipo.

Kuna kijana ameuliza humu jukwaani anunue shock gani kwa gari lake la zamani la mbio. Mmemjibu kwa majina ya kampuni na matusi. Hakuna aliyemuuliza anabeba watu gani.

Twende miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya. Nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mzungu mmoja akawa anafunga virago kurudi kwao, nikanunua gari lake. Viti viwili, bonneti ndefu, halina paa, na mlio wa kuamsha kijiji.

Make, yaani kampuni ya gari, sitaji. Nawajua, mtaacha hadithi muanze vita.

Gari lilikuwa limezeeka lakini mbio lilikuwa nazo. Shida ni kwamba Mzungu alilipanda peke yake. Mimi nina ukoo.

Kwenye viti viwili tuliketi sita. Kwenye buti, omena, dagaa wa kwetu. Juu ya bonneti, binamu. Haikuchukua muda, nyuma ikawa imelala na shock zinavuja mafuta. Ukibonyeza kona ya gari ukaachilia, linaendelea kuitikia tu: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Wakati huohuo nilikuwa namtaka Akinyi wa Migori. Niseme wazi, nilimtaka mpaka chakula kikawa hakishuki. Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja, ana gari jipya la milango minne, naye anabisha hodi palepale. Babake Akinyi akasema watu wetu waje kwanza wazungumze. Wakishindwa, atamsikiliza mwalimu.

Sasa kwetu hujiposei mwenyewe. Anatangulia jagam, yaani mtu wa kukuombea mke. Wangu alikuwa Waya Awuor, dada wa baba; waya kwetu ni shangazi. Mama wa mwili na mdomo, vyote vya kutosha. Huyo akifika amekasirika, posa imekufa.

Na Waya akiketi kwenye lile gari, bodi inagusa tairi. Nikaamua dawa ni shock ngumu kuliko zote.

Najua mafundi mshaanza kucheka. Chekeni polepole, bado.

Nikaenda duka la spea. Zilikuwepo laini kama zile za kiwandani, za kati, na ngumu za magari ya mashindano. Nikaomba ngumu.

"Unaenda shindana wapi?" mwenye duka akauliza.

"Sishindani. Nabeba shangazi."

Akanitazama, akatazama shock, akazifunga kwenye gazeti.

Zilipofungwa, nikabonyeza kona ya gari. Haikubonyea hata kidogo. Nilifurahi kama mjinga, kwa sababu nilikuwa mjinga.

Siku ya posa tukaondoka asubuhi. Barabara ya Migori ilikuwa murram tupu, bila lami, vimatuta vidogo vidogo mwanzo hadi mwisho. Gari halikutembea, lilirukaruka. Kila jiwe lililokanyagwa na tairi, Waya alilipokea.

Mwanzoni alinitukana vizuri sana. Tulipokaribia Rongo akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mwishowe akasema, "Nyathi owadwa, mtoto wa ndugu yangu, hii gari inanipiga kwa makosa gani?"

Tukafika. Wazee wako uani, viti vimepangwa. Babake Akinyi, mzee wa heshima zake, akamwonyesha Waya kiti kizuri.

"Asante, jaduong', mzee wangu," Waya akasema. "Nitasimama."

Wakuu, sikilizeni. Mgeni wa posa akikataa kiti, watu wanaelewa ana neno zito, au yuko njiani kuondoka. Wazee wakatazamana. Mwenyeji hawezi kuketi mgeni akiwa wima, kwa hiyo naye akasimama. Ndugu zake wakasimama. Jua la Migori linawaka.

Ukweli ni kwamba mama wa watu hangeweza kuketi. Chini ya kiuno hapakubaki mahali pazima. Lakini hakusema, maana angesema ningeaibika mbele ya wakwe.

Mimi nilikuwa kando ya ua, muoaji haongei. Nikamwangalia akiniombea mke, mkono kiunoni, jasho likimtiririka. Alinisifu kwa mambo ambayo hata mimi sikuyajua.

Wale wazee walikuwa wamejipanga kutuzungusha siku nzima. Lakini kwa kusimama, miguu yao ikawaka moto.

"Sasa mama, tufanye nini ndiyo ukae?" babake Akinyi akauliza.

"Nipeni Akinyi."

Wakaangua kicheko. Akinyi akaitwa, akaulizwa mbele ya watu, akasema ndiyo. Waya akashukuru, na bado hakuketi.

Jambo la kushika, kijana: uzito wa gari unabebwa na springi. Shock kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kucheza. Gari likilala, kagua springi kwanza, shock ngumu hazitaliinua. Na kwa barabara zetu, gari la zamani lipe shock zinazokaribiana na za kiwandani. Zile za mashindano waachie wenye lami.

Baadaye Akinyi aliniambia mlio wa gari ulimchukiza. Lakini alichungulia kutoka jikoni, akaona mama anaumia na hataki kuketi, akasema huyu anayeombewa hivi lazima awe mtu.

Nimejitahidi kuwa huyo mtu. Muulizeni yeye, yuko hapa anasoma.

Uwanja ni wenu, andikeni yaliyowapata. Mimi nichekeni mtakavyo, lakini Waya mwacheni. Alizikwa bila kumwambia mtu yeyote wa Migori kwa nini alikikataa kile kiti.