Atija, Dobi wa Palma Anayeitikia Nyimbo za Mbali

Habari hii nimepewa na Atija mwenyewe, Alhamisi asubuhi, mwezi wa Mfungo Tano, mvua za kwanza zikiwa zimeshatuliza vumbi la magari ya kampuni ya gesi. Ya upande wa jirani yake Graça nimeyapata kwa Graça mwenyewe, maana kila mtu na ayasemee ya moyo wake.

Saa mbili asubuhi Atija ameshaloweka ovaroli. Zimo ndani ya pipa lililokatwa katikati, nzito, zimejaa grisi, na maji yamekuwa meusi kama wino wa ngisi. Anainua kidogo kapulana aliyojifunga kiunoni, anaingiza miguu, anakanyaga. Anakanyaga huku amelaza sikio upande, kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa.

Dirishani, ndani ya kikombe cha bati ili sauti ikue, simu yake ndogo inaimba. Ni wanaume wanne. Mmoja anatangulia kwa sauti nyembamba, watatu wanamfuata kutoka chini, na katika hao watatu yupo anayekwaruza koo kama jahazi linaloburutwa mchangani.

"Huu ni wimbo wa soksi za sufu," anasema Atija. "Mwenye soksi ni Mwitaliano, lakini si wa bara, wa kisiwani. Kwao wachungaji ndio wanaoimba hivi. Alisema ile sauti ya chini kabisa ni ng'ombe, na ile nyingine ni kondoo. Nikamwambia, na mbuzi mmemwacha wapi? Akacheka."

Nyimbo zote za Atija zina majina ya nguo. Majina yaliyoandikwa kwenye simu hawezi kuyasoma vizuri, na nchi zenyewe hajui zimekaa upande gani wa bahari. Basi humkumbuka mtu kwa anachomfulia. Kuna wimbo wa soksi, wimbo wa aproni, wimbo wa shati la kijani.

Tangu gesi ilipopatikana huko kilindini, Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, imepokea watu ambao zamani ungewaona kwenye kalenda tu. Wenye nyumba nzuri wamezipangisha na kwenda kukaa mashambani au Pemba, ule mji mkuu wa jimbo letu, si kisiwa. Nyumba hii anayofulia Atija ina vyumba sita, na kila chumba kina lugha yake. Kwa mwezi analipwa metikali elfu tatu, na sabuni si juu yake.

Lakini ua wenyewe anaujua tangu zamani. Nyumba hii ni ya Zuleica, mwenziwe wa utotoni, naye Zuleica sasa yuko Pemba kwa mwanawe. Hapo linapokaa pipa la ovaroli ndipo kikundi chao cha tufo, ngoma ya wanawake ya kuimba kwa kupokeana, jina lake Shukurani, kilipokuwa kikifanya mazoezi kila Jumamosi. Wanawake kumi na wanane, sare moja, nyuso zimepakwa msiro mweupe wa urembo, wamepiga magoti kwa safu. Atija alikuwa mbele akiongoza wimbo. Zuleica alikuwa wa kwanza kuupokea.

"Nikitoa neno, yeye ameshalishika kabla halijaanguka," anasema.

Kikundi aliachiwa na mama yake. Hakikuvunjika kwa ugomvi. Wengine walifuata waume Pemba, wengine Mtwara, wawili wanapika kambini kwa watu wa gesi na kurudi kwao hawarudi ila kwa msimu. Mume wa Atija, Abudo, naye alipata kazi katika boti la wapima bahari. Boti lilipomaliza kupima, yeye alikuwa ameshaoa Pemba. Dufu nne za kikundi zimetundikwa chumbani kwa Atija, na mvua ikinyesha ngozi zake hulegea, zikatoa sauti zenyewe.

"Mwanzo nilikuwa naamka kuangalia nani amezigusa," anasema. "Sasa najua ni unyevu."

Mambo ya nyimbo za mbali yalianza baada ya harusi moja, Mfungo Mosi. Kikundi cha Shukurani kilialikwa, na wenzake sita waliahidi kuja kutoka Pemba. Gari likawaharibikia njiani. Mwenye harusi, asione aibu ya mikeka mitupu, akawaomba majirani wake wakae nyuma ya Atija. Walikuwa wanawake wa bara, Wamakonde waliokuja Palma na waume zao kutafuta kazi.

Atija akainua wimbo. Ulianza kwa kumsalia Mtume, kama ilivyo desturi, ndipo uingie kwa bibi harusi. Akafika mahali pa kupokewa. Kimya.

Akaurudia. Kimya. Akaurudia mara ya tatu.

Katika tufo, kiongozi asipopokewa mara tatu hukaa chini. Maana yake wamemkataa, na aliyekataliwa hainui tena mpaka walewale waliomnyamazia wamwombe. Kulikuwa na wanawake wa kikundi kingine pale, wanaoujua ule wimbo neno kwa neno, lakini kikundi kimoja hakimpokelei kiongozi wa kingine. Hiyo nayo ni desturi. Atija akakaa. Wapigaji wake, ambao kupokea si kazi yao, wakaziweka dufu chini, na mtu mmoja akawahi kuwasha redio.

"Sikulia," anasema. "Nilikula wali, nikanawa, nikarudi nyumbani. Tangu siku ile sauti yangu nikaiweka mahali, sikuitoa."

Wiki ile ile, akianika, alisikia simu ya Mfilipino mpishi ikilia vyungu vya shaba vilivyopangwa mstari, vidogo kwa vikubwa. Hapakuwa na mtu anayeimba. Akaacha kuanika. Vile vidogo vilikuwa vinauliza, na kila mara vile vikubwa viwili vilijibu.

Akamwendea Domingos, mlinzi wa geti wa mchana, ambaye simu yake inaweza kupokea wimbo kutoka simu nyingine na kuutuma.

"Niombee ule wa aproni," akamwambia.

"Mana Atija," akasema, akimwita dada kwa Kireno, "yule mtu anapiga masufuria."

"Masufuria yake yanajibizana. Niombee."

Basi ikawa kila mgeni akija, Domingos anatumwa na Kireno chake kuuliza kwao wanaimbaje. Wengi walitoa nyimbo za redioni, za mtu mmoja na gitaa lake. Hizo Atija alizifuta. "Wimbo wa mtu mmoja sihitaji," anasema. "Mtu mmoja ninaye tayari, ni mimi."

Domingos alimchoka. "Kesho utaniambia nikuombee wimbo wa nyangumi," akamtania.

"Nyangumi akiwa na wa kumwitikia, omba."

Wimbo wa shati la kijani ulikuja mwisho. Shati lenyewe ni la fundi bomba wa Cabo Verde. Ndani ya wimbo wapo wanawake tu: mmoja anatoa neno, kundi linalipokea, na chini yao kuna mshindo mzito, mkavu, usio wa ngoma. Fundi akaeleza kuwa hapo zamani watawala na mapadri waliwazuia kupiga ngoma, basi mabibi zao wakaviringisha nguo, wakaibana kati ya mapaja, wakaipiga kwa viganja.

Atija alifua mashati siku ile mpaka la mwisho. Alipomaliza akachukua kapulana kavu, akaikunja ikawa bonge, akaibana kati ya magoti, akapiga. Ilitoa sauti. Wanawake wa kwenye simu walipofika mahali pa kupokea, akapokea nao. Maneno hakuyajua. Aliitikia kwa "ee" na "aa" tu, ila hakukosea mahali.

Ikawa ndiyo mazungumzo yake ya kila siku.

Wakati huo huo Awa, mama wa mtaa wa pili, akaja nyumbani kwake na kipande cha kitambaa cha njano. Hivi ndivyo kikundi kinavyoalikwa Palma: unapelekewa kipande cha sare ya harusi. Ukikaa nacho, utakuja. Ukikirudisha, mwenye harusi atakipokea kwa heshima, lakini nyumba ile haitakuletea tena, na wengine wakisikia nao hawataleta. Ndivyo vikundi vinavyokufa.

"Dada Atija, binti yangu anaolewa," Awa alisema. "Najua yaliyokupata. Nipe jibu kabla ya Ijumaa, maana mwenyewe sitakuja kukuuliza."

Kitambaa kikalala kwa Atija, kimekunjwa, juu ya mtungi. Angekwenda na nani? Na hata angewapata, walewale walionyamaza hawajamwomba. Jumatano ya wiki iliyopita aliondoka nyumbani na kitambaa kwenye kikapu, ili akitoka kazini akirudishe kwa Awa.

Siku hiyo Graça, mke wa Domingos, alileta chakula cha mumewe. Graça ni jirani wa Atija, uzio wa mianzi tu ndio unaowatenga, lakini tangu harusi ile salamu zao zilikuwa fupi. Graça alikuwa mmoja wa wale waliokaa nyuma kwenye mkeka. Alimkuta Atija amekaa, kapulana kati ya magoti, anapiga na kuitikia. Akasimama na bakuli lake.

"Mana Atija, unajibizana na nani?"

"Na wanawake wa huko."

"Wanasema nini?"

"Sijui. Mahali pa kujibu ndipo ninapopajua."

Graça akasikiliza. Mwisho akauliza taratibu, "Na ule wako wa harusini, nao ulikuwa na mahali pa kujibu?"

Atija akazima simu. "Ulikuwa napo. Mkapaacha patupu."

"Sisi tulidhani unamwomba Mungu," Graça akasema. "Tulisikia jina la Mtume. Kwetu mtu akiomba hakatizwi, unainamisha kichwa mpaka amalize. Tukainamisha. Wewe ukaanza tena, tukasema, huyu mama ana dua ndefu. Mwanangu Dércio alicheka nikamfinya."

"Mara tatu?"

"Mara tatu tulikuheshimu."

"Kwa hiyo hamkunikataa."

"Tukukatae, halafu tule wali wenu? Sisi tulijiuliza kwa nini umekaa ghafla. Tulidhani ni magoti."

Atija alimpa mgongo. Akaenda kwenye kamba, akaanza kugeuza shuka ambalo lilikuwa limeshakauka pande zote. Graça aliweka bakuli chini, akangoja. Hakujua desturi ya kuomba, lakini akasema maneno ambayo mwenye kuijua angeyasema: "Inua tena, mana. Safari hii utuoneshe wapi."

Kitambaa hakikurudishwa.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Graça ameongea na wenzake wawili wa bara, wamekubali kukaa nyuma ya Atija na kupokea sehemu za bibi harusi. Ile ya kumsalia Mtume Atija atasema peke yake, nao watainamisha vichwa kama walivyozoea. Dufu nne anazo, ila wapigaji wake hawana uhakika wa kuja. Wasipokuja, kapulana zipo, na mapaja wanayo.

"Si Shukurani ile," anasema, akikamua shati. "Zuleica sitamsikia nyuma yangu. Najua. Nataka tu nitoe neno, lipate pa kuangukia."

Jana, baada ya isha, walifanya mazoezi kila mmoja yuko kwake, maana watoto wa Graça walikuwa na homa. Domingos alikuwa amelala mapema. Atija alikaa kitandani akatoa neno, na Graça akalipokea ng'ambo ya mianzi, kwa matamshi ya bara, akikosea herufi, hakosei mahali. Waliimba hivyo, sauti za chini, kwa muda mzuri. Sauti ya Graça ikawa nzito, ikawa inachelewa.

Atija akatoa neno. Kimya.

Akalirudia, taratibu zaidi. Kimya. Akasikiliza, akasikia pumzi za usingizi, za mtu aliyefua, aliyelima, aliyeuguza.

Mara ya tatu hakurudia. Alijifunika kapulana mpaka mabegani, akalisema neno la kupokea yeye mwenyewe, kwa niaba ya mwenziwe, akalala.