Mwezi wa Kupikia Nairobi

Mume wangu aliponiambia kuwa kuishi Nairobi ni rahisi kuliko Machakos, nilicheka mpaka nikaweka mkasi chini. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Yeye alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni kule Nairobi na alipanga chumba karibu na kazi. Mimi nilikuwa Machakos mjini na watoto wetu wawili, nikishona sare za shule katika kibanda changu sokoni. Kila wikendi alikuja nyumbani, na kila wikendi alikuja na hesabu ileile: nyumba mbili, kodi mbili, majiko mawili. Alitaka nihamie kwake, na kibanda nikiachilie.

Kibanda hicho nilikipata kwa jasho. Nilianza kwa kushonea barazani pa duka la mtu, na mvua ikinyesha nakimbiza cherehani ndani kabla haijalowa. Basi mtu akiniambia nikiachilie, hata kama ni mume wangu, nawaka. Nikamwambia tujaribu. Likizo ya Agosti wateja wa sare huwa wachache. Ningeenda kwake na watoto mwezi mzima na kupika kwa pesa zilezile ninazopikia Machakos. Zikitosha, kibanda nakiachilia. Zisipotosha, asinisumbue tena.

"Mama watoto, usije ukalia," alisema.

"Nani, mimi? Asi! Ngoja uone."

Sikutaka aje kusema kwamba niliharibu makusudi, kwa hiyo nilibeba gunia la mahindi, maharagwe, na kinu na mchi wangu. Kwetu mahindi hutwangwa kwanza mpaka maganda yatoke, ndipo yanachemshwa na maharagwe. Hiyo ndiyo muthokoi, na mimi muthokoi yangu inajulikana. Chumba cha mume wangu kilikuwa ghorofa ya pili. Siku ya kwanza nilipoanza kutwanga, ploti nzima, yaani wapangaji wote, ilitoka nje kuangalia ni nini kinabomoka. Mama wa chini alipanda ngazi na sahani ya ugali mkononi, akanionyesha chokaa iliyodondokea mboga. Tangu siku hiyo nilitwangia uani, karibu na bomba, huku watoto wa ploti wakinitazama kama sinema.

Lakini shida haikuwa kutwanga. Shida ilikuwa moto. Nyumbani nilipikia kuni ambazo mama mkwe alinitumia kutoka kijijini Kalama, na kitu unachotumiwa hukiweki kwenye hesabu. Muthokoi hukaa motoni nusu siku. Nairobi makaa yanauzwa kwa mkebe, na mkebe wenyewe umebonyezwa chini ili ubebe machache. Wiki ya kwanza haijaisha, makaa yalikuwa yamekula pesa za nyama na za nyanya. Nilifurahi sana, kusema kweli. Nilikuwa nashinda, na kibanda changu kilikuwa salama.

Kisha jirani mmoja akaniharibia. Alikuwa mama aliyeuza chakula kilichochemshwa pale getini, akipikia kila mtu katika sufuria moja kubwa, kwa moto wa vumbi la mbao.

"Mathe, hayo makaa yote ni ya nini?" aliniuliza. "Mimi niko na mahindi na maharagwe yameiva. Chukua, kaanga na kitunguu, kwisha."

Niliuliza bei. Ilikuwa chini ya makaa yangu peke yake. Ningeweza kujifanya sikusikia na kuendelea kuchoma makaa mpaka mwezi uishe. Lakini nikishajua bei nafuu iko wapi, mkono wangu haukubali kulipa zaidi, hata kwa faida yangu mwenyewe. Kesho yake nilikuwa getini na bakuli. Maji yalitoka bombani ndani ya ploti, wakati Machakos nilinunua mitungi kutoka kwa mtu wa punda. Mitumba ya watoto nayo ilikuwa bei ya kutupa. Mwezi ulipokwisha, pesa zilikuwa zimebaki.

Niliziweka mezani mbele ya mume wangu Jumapili baada ya kanisa. Niliogopa.

"Umeshinda," nilimwambia. "Kibanda nitakiachilia."

Hakushangilia, jambo ambalo lilinishangaza. Alisema twende soko la karibu pale Nairobi tukatafute mahali nitakapoweka cherehani yangu. Tulizunguka mchana kutwa. Kibanda chembamba, mlango unaofungwa kwa waya, na bado mwenyewe alitaka gudwili, yaani pesa unazolipa kabla hata ya kodi ili ukubaliwe tu kuingia. Mume wangu aliuliza ni pesa ngapi. Aliuliza tena, kana kwamba mara ya pili ingepungua.

Tulipofika barabarani alisimama. "Hiyo ni bei ya cherehani nzima, Mama watoto."

"Nilidhani Nairobi ni rahisi," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Ni rahisi kula," alisema. "Rudi kwa kibanda chako."

Pesa alizoweka kwa ajili ya kutuhamisha zilinunua cherehani ya pili. Niliipeleka Machakos juu ya basi, imefungwa kwenye blanketi, pamoja na kinu changu. Mahindi yaliyobaki nilimwachia yule mama wa getini.

Miaka michache baadaye kiwanda kilifungwa. Mume wangu alirudi nyumbani na godoro na sanduku. Uso wake uliniumiza kuutazama. Halafu asubuhi moja, msimu wa sare umepamba moto, alikuja kibandani akasimama nje kama mteja.

"Fundi anayejifunza unamlipa pesa ngapi?" aliuliza.

"Mshahara wa Nairobi ama wa Machakos?"

Alitazama chini, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Akavuta kiti mpaka kwenye cherehani ya pili, akakaa.

"Wa Machakos," alisema. "Lakini chakula ni juu yako."