Mzee Shen na Farasi wa Kaburini

Mzee niliyekuwa namlea hakutoa neno miezi saba. Siku aliyofungua kinywa, aliongea na farasi wa udongo.

Naitwa Vaileth. Mwaka tisini na nane nilikuwa Springfield, Virginia, kule Marekani, kazi yangu kulea wazee majumbani. Mzee Shen alikuwa Mchina. Kiharusi kilimchukulia kauli, miguu nayo ikawa dhaifu.

Binti yake, Grace, alinipa sharti moja tu: nisimpeleke makumbusho ya vitu vya kale vya Kichina kule Washington D.C. Sababu hakusema. Nikajua tu, huyu dada anamwonea baba yake aibu.

Basi Jumanne moja, Grace yuko kazini, nikampakia mzee kwenye gari. Nikajiona mtu mwema kweli.

Mle makumbusho alikuwa ametulia, mpaka tukafika kwenye kabati la kioo lenye farasi wa udongo, wale waliozikwa pamoja na matajiri wa zamani.

Akashika kioo. Akaanza kuongea Kichina, machozi yanamtiririka.

Mama mmoja wa Kichina pale jirani alisikiliza, uso ukambadilika. Nikamuuliza mzee anasema nini.

"Anamwita kaka yake," akanijibu taratibu. "Wakiwa vijana walifukua kaburi, watafute farasi kama hawa wauze. Udongo ukaporomoka. Yeye akatoka, akakimbia na farasi. Kaka yake alikuwa bado anaita."

Nikamrudisha nyumbani mbio.

Nikamketisha sebuleni, nikaingia jikoni kumpashia supu, dakika tano tu. Natoka, kiti kitupu.

Nikamkuta uani, kapiga magoti kwenye maua, anachimba kwa mikono. Kucha zinatoka damu. Nikimvuta, anarudi.

Grace akatukuta hivyo hivyo. Nikamweleza yote.

Kumbe alikuwa anajua.

"Mara ya mwisho alipowaona farasi wale, kabla hajaugua, alichimba siku tatu," alisema. "Ndiyo maana nilikukataza."

Akavua koti la ofisini, akapiga magoti, akachimba pamoja naye. Na mimi nikaingia.

Shimo likafika kina cha kiwiko. Mzee akainama, akasema neno moja mle ndani, akaacha kuchimba.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Toka," Grace akajibu. "Amemwambia kaka yake, toka."

Kesho yake Grace aliniachisha kazi. Sikumlaumu.

Ndugu zangu mnaolea wagonjwa wa watu, ukikatazwa jambo, uliza kwanza kwa nini. Mimi sikuuliza. Nilidhani mwenye huruma katika nyumba ile ni mimi peke yangu.