Siku Niliyomfundisha Kasa Kuingiza Kichwa

Nilikulia Iringa, mbali kabisa na bahari. Nilipoajiriwa ualimu, nikapangiwa shule ya msingi huku Mtwara, kijiji ambacho ukisimama nyuma ya ofisi ya walimu unaona mto Ruvuma ukiingia baharini. Nikapewa darasa la awali. Watoto wa miaka mitano na sita, wengi wao nyumbani wanaongea Kimakonde, na Kiswahili wanakivaa kama nguo ya sikukuu.

Niseme ukweli: sipendi kukosolewa. Mama yangu anasema nilianza kubisha kabla sijaota meno. Na mwaka ule wa kwanza nilikuwa na sababu ya kutotaka kukosolewa hata kidogo. Mtumishi mpya lazima athibitishwe kazini, na afisa elimu wa kata alikuwa anakuja kuniona nikifundisha somo moja. Maoni yake ndiyo yangepelekwa juu. Yakiwa mabaya, ajira yenyewe ilikuwa mashakani, na mimi nilikuwa nimekwisha kupapenda pale. Nilipenda mihogo ya kuchemsha asubuhi, nilipenda upepo, niliwapenda wale watoto hata waliponikera. Niliogopa sana.

Somo lilikuwa jinsi wanyama wanavyotembea na wanavyojilinda. Nikamchagua kasa, kwa kuwa ni mnyama wa huku. Kujipendekeza tu, maana kasa mzima nilikuwa sijawahi kumwona. Ila kobe nilimjua vizuri. Kaka zangu walikuwa wakimleta kutoka shambani, ukimgusa anaingiza kichwa, anaingiza miguu, anatulia kama jiwe. Nikaamua kwamba kasa ni kobe aliyehamia baharini, basi.

Kwa ajili ya gamba nilichukua beseni la bluu ninalofulia, nikalifunga mgongoni kwa kanga. Mama mwenye nyumba wangu alinikuta nikitambaa sebuleni.

“Mwanangu, umeangusha nini?”

“Najiandaa na kazi, mama.”

Akatoka, akarudi na kikombe cha chai ya tangawizi. Nadhani alifikiri naumwa.

Siku ikafika. Afisa elimu, mzee mmoja mnene, mpole, mwenyeji wa Nanyamba, huko mbali na pwani, akakaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimkaribia kidevu, daftari mkononi. Nilianza vizuri.

“Kasa ana nini mgongoni?”

“Gambaaa!”

“Anaweza kulivua kama shati?”

“Hapanaaa!”

Nikawaeleza kwamba gamba ni mwili wake mwenyewe, limeshikana na mbavu zake. Kumvua kasa gamba ni sawa na kukuvua wewe mifupa. Wote wakajishika mbavu na kucheka. Afisa akaandika. Nikaona mambo ni mteremko.

Nikapiga magoti, beseni mgongoni. “Jamani, papa huyo anakuja! Kasa anafanya nini?” Nikakunja shingo, nikaingiza kichwa chini ya beseni, na mikono, na miguu kadiri ilivyoenea. Nikatangaza kutoka humo ndani: “Kasa ameingiza kichwa! Papa hampati!”

Nikasikia sauti nyembamba: “Uwongo, madamu.”

Alikuwa msichana wa mstari wa mbele, mdogo kuliko wote darasani. Mimi nikabaki chini ya beseni. Kulikuwa na joto na harufu ya sabuni, na sikutaka kutoka. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Mwaka mzima wa kazi, na katoto kasikojua kufunga kiatu kananiita mwongo mbele ya afisa! Nilikuwa na “kaa chini” mdomoni, tayari. Lakini humo ndani nikajiuliza: je, kama ni kweli? Nikatoa kichwa.

“Uwongo upi?”

“Kasa kichwa chake hakiingii. Kikubwa.”

“Hakiingii!” darasa zima likadakia. “Anayeingiza ni kobe!”

“Wewe umemwona wapi?” nikamuuliza yule msichana.

“Nikienda na mama kutafuta pweza.”

Hapo nikaelewa. Maji ya bamvua yakitoka sana, kina mama wa kijiji hutembea mbali huko kwenye miamba na ndoo zao na vijiti vya kuchokolea pweza, na watoto wao nyuma. Wakati mimi nasoma kitabu kuandaa somo, wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kukutana na kasa kwenye majani ya baharini, akila.

“Sasa akiogopa anafanyaje?”

“Anakimbia.”

“Kasa? Akimbie?”

Akanitazama kwa huruma. “Kwenye maji, madamu. Huku juu ndiyo mzito.”

Kwenye andalio langu la somo hakukuwa na jambo hilo. Nikafungua kanga, nikamfunga yeye beseni. Likamfunika mpaka nyuma ya magoti. “Haya, tufundishe.”

“Siyo hapa. Mchangani.”

Tukatoka wote hadi ufukweni, na afisa naye nyuma yetu. Msichana akalala kwa tumbo. Akarusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja, akajivuta, akaacha. Akapumua kwa nguvu. Akarusha tena. Nyuma yake mchangani ukabaki mburuzo mpana, na ndivyo mama kasa anavyopanda kwenda kutaga, alisema. Halafu akainuka, “sasa niko kwenye maji,” akatimua mbio huku mikono ikipiga juu na chini kama mabawa, anakata kona huku na huku. Mikono ya mbele ndiyo inayompeleka, akatuambia, ile miguu ya nyuma ni ya kugeukia.

Dakika ile darasa zima likawa kasa. Wawili wakajiteua kuwa papa. Aliyefukuzwa akakimbia, aliyechoka akatafuta mwamba wa kujificha chini yake, na mwamba wa karibu ulikuwa afisa elimu wa kata. Watoto watatu walijibana katikati ya miguu yake. Mzee wa watu akasimama wima, hatikisiki, ni mwamba kweli. Kasa mmoja akaamua kutaga papo hapo, akafukia mayai yake kwa kurusha mchanga nyuma, wote ukaingia kwenye viatu vya afisa. Mimi nilikuwa nimelala kwa tumbo na gauni langu la Jumapili, najivuta, nacheka mpaka machozi.

Tulipokuwa tukijipangusa, afisa akanisogelea.

“Mwalimu, pale ulipoingiza kichwa, mimi nilikuwa nimeandika ‘sahihi kabisa’. Kwetu tunaona kobe tu, chini ya mikorosho.” Akafungua daftari, akaazima raba kwa mtoto, akafuta. Kisha akaaga na kuondoka. Kuhusu kazi yangu hakusema lolote.

Wiki kadhaa nilikula bila hamu. Hatimaye mwalimu mkuu akaniita, akanipa barua: nimethibitishwa. Nilimkumbatia, kitu ambacho hakikumfurahisha sana. Pamoja na barua kulikuwa na nakala ya maoni, na mstari wa mwisho ulisema: “Alikosolewa na mtoto mbele yangu, na hakuingiza kichwa.”

Siyo kweli yote. Niliingiza, tena nilikaa humo kwa muda, na afisa hajui nilichokuwa karibu kusema.

Nikawasomea watoto ule mstari. Msichana wangu wa mbele alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na yule babu sasa anajua?”

“Anajua.”

“Na wewe?”

“Na mimi.”

“Haya,” akasema, akaenda kuchukua beseni.